Theluji na Muguka

Jumapili, 12 Mei 2024

Intaneti imelala. Kale kaduara kanazunguka tangu asubuhi, kanazunguka tu. Nimezima simu, nimewasha. Nimetoka mpaka nyuma ya zizi, mahali ambapo mtandao huja hata siku zake za kununa. Wapi! Jirani naye anaigongagonga yake gotini.

Jioni ujumbe mmoja ukapenya: kebo mbili za chini ya bahari zimekatika, EASSy na Seacom, huko kusini upande wa Afrika Kusini. Bahari! Mimi ambaye maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Kiambere. Haya, uzi umekatika huko kwa samaki, kazi imekwama hapa kwa mbuzi.

Na kazi yenyewe: makala ya mashine za kuondoa theluji. Maneno elfu moja mia tano, kesho kabla ya mteja wangu wa ng'ambo kuamka. Theluji ninayoijua ni ile ya Mlima Kenya, ukiwa Embu mjini, asubuhi isiyo na mawingu. Imekaa huko juu, haijamzibia mtu mlango.

Mdogo wangu anarudi shule kesho, baada ya mafuriko kusogeza mhula. Sanduku liko tayari. Karo haiko tayari.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeamka saa tisa usiku. Ndiyo saa ya mtandao, watu wote wamelala na njia ni nyeupe. Hati nilikuwa nimeianza bila intaneti, Google Docs inakubali ukishaiwekea mapema alama ya kutumika nje ya mtandao. Ikapanda yote kwa pigo moja. Imeandikwa: imehifadhiwa. Neno tamu kuliko yote ya usiku huu.

Kisha nikakaa gizani nikisoma tena na kurekebisha, hasa sehemu ya petroli na betri, ipi inafaa theluji iliyolowa. Theluji iliyolowa ni nzito. Sasa ninajua. Sitalihitaji jambo hili maishani, na sitalisahau.

Mdogo ameondoka na matatu ya kwanza. Mama ametoa pesa za muguka, yale majani ya kutafuna anayochuma, mimi nimetoa nilizokuwa nazo. Bado pengo. Bwana bursari amesema atangoja mpaka mwisho wa mwezi ujao, lakini kwa ile sauti yao.

Alhamisi, 16 Mei

Pesa ya kazi za nyuma imeingia! Upwork wamekata asilimia kumi yao, PayPal wakachukua ya kwao, ndipo ikashuka M-Pesa. Nimepiga hesabu mara mbili nikidhani nimekosea, kumbe ni dola. Januari dola moja ilikuwa inagusa shilingi 160. Leo ni 130 na kitu kidogo. Redioni wanashangilia shilingi imepata nguvu. Ni sawa, mafuta yashuke, unga ushuke. Lakini maneno ni yale yale, macho ni haya haya, na kwa kila dola, shilingi thelathini zimekwenda.

Kibandani mama wa M-Pesa ameniuliza, "Kwani wewe siku hizi unafanya kazi wapi?" Nikasema nyumbani. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye slipasi. "Nyumbani kazi gani?" Nikasema ninaandika. "Unaandikia nani?" Hapo nikanyamaza. Sijui. Mtu mwenye theluji mlangoni.

Afadhali hivyo kuliko nimwambie ile kazi ya zamani ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Wengi wa darasa letu la Chuo Kikuu cha Embu waliishi kwa hizo. Uingereza walipitisha sheria 2022 kwamba kuuza huduma hiyo huko England ni kosa, lakini kwangu haikuwa sheria iliyonitoa. Ilikuwa kule kuandika kitu usiku kucha halafu jina la mtu mwingine likapewa alama A. Theluji angalau haina mwenyewe.

Jumanne, 21 Mei

Sijala. Uji umepoa hapa.

Mteja ameandika mistari miwili. Wamepitisha makala ya theluji kwenye kipimo chao cha kugundua maandishi ya mashine, na kipimo kimesema sehemu kubwa imeandikwa na mashine. Malipo yamesimama mpaka nieleze. Mashine! Saa tisa usiku, tochi ya simu mdomoni kwa sababu stima ilikuwa imekwenda, kidole kimekufa ganzi. Mashine!

*Baadaye.* Nimetulia kidogo. Nimesoma. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikuwa na kipimo chao, wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu kilikuwa kikikosea mno. Na Stanford mwaka huo huo walichukua insha za TOEFL, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye vipimo saba. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Za watoto wa shule wa Marekani zikapita karibu zote. Eti kwa sababu anayeandika Kiingereza cha kujifunza hutumia maneno yanayotarajiwa. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitupiga fimbo tunyooshe sentensi. Tumenyoosha. Sasa tunashtakiwa kwa kunyoosha.

Sikumwandikia mteja hayo. Mtu aliyeshikilia pesa yako humhubirii. Nimemfungulia tu historia ya hati. Hapo kila kitu kipo, hatua kwa hatua: sentensi ya kwanza, inafutwa, inarudi imegeuzwa, dakika arubaini kimya (nilikuwa nikitafuta betri), aya nzima inahama kutoka chini kwenda juu, neno "shovel" limekosewa mara tatu mfululizo. Mashine gani inayokosea "shovel"?

Nangoja.

Jumatano, 22 Mei

Amejibu: "Sawa, asante." Pesa imeachiliwa. Hakuna pole. Nimenunua nyama robo.

Alhamisi, 23 Mei

Ya theluji niyaweke kando. Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, amepiga marufuku muguka. Isiingie, isiuzwe, isisafirishwe, isitafunwe. Kuanzia leo hii.

Tumeisikia shambani. Kijana mmoja anayechumia jirani alikuwa na redio ndogo. Watu wakasimama, mikono imejaa majani. Hakuna aliyesema kitu. Halafu mzee mmoja akauliza, "Sasa hii niliyochuma?" Hilo tu.

Mnunuzi amempigia Mama saa nane: asichume kesho. Mama akasema ndiyo, ndiyo, nimesikia. Akaweka simu mfukoni na kuendelea kuchuma. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba jani halijui gavana; likikomaa limekomaa.

Pickup za kila jioni hazijapita. Siku nyingine ukisikia zinavyokimbia unawahurumia walio barabarani, lazima mzigo ufike Pwani kabla haujanyauka. Leo barabara ni ya boda na ng'ombe.

Ijumaa, 24 Mei, usiku

Kilifi nao wamefunga.

Nimefungua Google Trends. Mkono ulikwenda wenyewe, nimezoea. Ndiko ninakotazama mwezi gani Wamarekani wanaanza kutafuta mashine za theluji (Oktoba mstari huanza kupanda, ndiyo maana mteja anataka makala Mei, yakae, yazeeke kidogo, Google iyazoee). Nikaandika muguka, nikachagua Kenya. Mstari ulikuwa umelala chini miezi na miezi, halafu huo, umesimama wima. Nchi nzima inauliza. Muguka ni nini. Muguka inatoka wapi. Muguka ina madhara gani.

Inatoka hapa! Ninaisikia harufu yake nikiandika. Iko kwenye gunia mlangoni, Mama hajui aitupe au aisubirie.

Wanaoandika wote wako Nairobi na Mombasa. Nimesoma kila nilichopata. Kuna daktari, kuna kamishna, kuna mzazi anayelia mtoto wake ameharibika, na ninamwamini yule mzazi. Hakuna mchumaji hata mmoja. Hakuna anayesema kwamba huku Mbeere mahindi hukauka mvua ikichelewa wiki mbili, na muguka husimama.

Nimemwandikia mhariri mmoja wa Nairobi, jarida la Kiswahili. Aya tatu. Nimebonyeza kabla sijaogopa.

Jumatatu, 27 Mei

Mhariri amekubali!! Maneno elfu mbili. "Usitetee, usishtaki, onyesha." Analipa yakichapishwa. Kwa hiyo halipi sasa. Lakini amekubali.

Na leo hii viongozi wa Embu na gavana wao, Mbarire, walikuwa Ikulu. Rais amesema marufuku za kaunti hazina nguvu, muguka ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023. Soko lilipiga vigelegele kana kwamba timu imefunga bao. Mama hakupiga. Alisema mnunuzi hajapiga simu.

Nimemhoji jioni. Nikaweka simu mezani, nikawasha kuandika kwa sauti, Kiswahili cha Kenya. Alipoona maneno yanatokea yenyewe alirudisha kiti nyuma. "Inanisikia?" Nikasema ndiyo. Akaanza kuongea kama yuko kortini, polepole, akisafisha koo. Baadaye akasahau, akaongea kama Mama: Kiswahili, Kimbeere, Kiswahili, matusi kidogo. Mashine ikachanganyikiwa. Kila aliposema muguka ikaandika "mguu wake". Nimepata ukurasa mzima: mguu wake unalipa karo, mguu wake umejenga hii nyumba, mguu wake hauli mvua nyingi. Nimecheka mpaka akanikasirikia. Nilipomsomea akacheka hata yeye, akajifuta macho kwa leso.

Sauti nimeihifadhi. Nitaandika kwa mkono, nikisikiliza. Hakuna njia ya mkato hapa.

Jumamosi, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Rais yuko Bungoma, mimi niko kwenye maneno mia saba.

Mahakama Kuu pale Embu imesimamisha marufuku kwa muda. Pickup zimerudi, lakini chache. Mnunuzi amerudi na bei ya mtu anayejua huna pa kwenda.

Kuandika Kiswahili kwenye laptopu ni vita. Ukurasa mzima umejaa mistari myekundu, kila neno ni kosa. Nimeandika "wachumaji", ikaniuliza kama ninamaanisha kitu cha Kijapani. Simu nayo ina tabia ya kunigeuzia "hata" kuwa "hat". Kwa Kiingereza nina Grammarly inanishika mkono kama kipofu: koma hapa, neno hili ni refu, sentensi hii imekaa vibaya. Kwa Kiswahili niko peke yangu na kamusi ya TUKI niliyoirithi kwa shangazi, jalada halipo.

Ajabu ni kwamba ninakwenda mbio zaidi. Hakuna anayenivuta shati kila sentensi. Nimezima ukaguzi wa tahajia kabisa. Ukurasa ukawa mweupe. Nikasikia sauti ya Mama kwenye spika, nikasikia ya yule mzee: "Sasa hii niliyochuma?" Nimeanza nayo.

Lakini nisijidanganye. Kesho nina makala ya vitanda vya mbwa wenye maumivu ya viungo, na bila yule mshika mkono siwezi kumaliza kwa siku moja. Mbwa wetu, kwa taarifa, amelala jivuni na anakoroma.

Jumapili, 9 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri.

Mteja wa theluji ameleta "mpango mpya". Kuanzia Julai rasimu zitatoka kwa ChatGPT. Kazi yangu itakuwa kuzisafisha, "kuzipa ubinadamu". Nusu ya bei kwa kila neno. Yaani mwezi jana nilikuwa mtuhumiwa wa kuwa mashine, mwezi huu nimeajiriwa kuificha mashine. Nilisoma barua pepe ile nikiwa nimesimama, nikakaa.

Ametuma mfano. Nimeupitia mchana wote. Kwa macho umenyooka, umepambwa, hauna kosa la koma. Halafu nikaanza kutafuta. Mashine ya tatu kwenye orodha haipo duniani. Kampuni ipo, hiyo namba ya modeli haipo. Uzito wa ya tano ni wa ya sita. Ya nane inasifiwa kwa betri na ni ya petroli. Kila sentensi lazima niigonge nione kama ina kitu ndani. Imenichukua muda mrefu kuliko kuandika mwenyewe.

Ndiyo hesabu wasiyoiona. Kwao kazi ni maneno. Maneno sasa ni bure. Kujua kama ni kweli ndiko kunakokula saa, na hakuna mahali pa kuandika hilo kwenye ankara ya maneno.

Basi nisilipwe kwa maneno. Nilipwe kwa saa.

Nitamwambia. Kesho. Leo nina hasira, na Kiingereza changu nikiwa na hasira huwa cha barua ya kuomba kazi.

Jumatano, 12 Juni

Nimemwambia. Kimya.

Tumepura ndengu tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kibodi. Herufi N inang'ang'ana. Nnnnn.

Jumatano, 19 Juni

Amekubali kwa saa! Si bei niliyotaja, lakini kwa saa. Sharti: nitumie programu ya Upwork ya kuhesabu muda, ambayo hupiga picha ya skrini yangu wakati nisioujua, mara moja ndani ya kila dakika kumi. Sawa. Apige. Ataona mashine za theluji, mashine za theluji, mashine za theluji. Muguka nitaiandika kwenye simu, simu haipigwi picha.

Jioni tumeongea na wenzangu kwenye kundi la WhatsApp, sisi wa kuandika. Mazungumzo yote ni Mswada wa Fedha. Ile tozo ya mazingira ya simu na laptopu, jana kamati ya Bunge ilisema itabaki kwa bidhaa zinazotoka nje zikiwa tayari. Sasa laptopu gani haitoki nje? Hii yangu ilikuwa ya mtu mwingine kabla yangu na ya mwingine kabla yake. N imeshakufa. Mmoja amesema anakwenda Nairobi wiki ijayo, kuandamana. Nimemwandikia ajitunze, nikafuta, nikaandika tena.

Jumanne, 25 Juni

Siwezi kuandika vizuri. Waandamanaji wameingia Bungeni. Kuna waliokufa, hakuna anayejua ni wangapi. Embu mjini nako vijana wamejaa barabarani. Mama anauliza kila baada ya dakika tano kama yule mwenzangu amejibu. Hajajibu.

Jioni mtandao umeanguka. Kale kaduara tena. Jana tu Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina nia ya kuuzima. Redio inasema kebo tena. Kebo! Jirani amecheka kicheko kisicho na furaha.

Makala ya muguka yalitakiwa leo usiku. Yako tayari, yamekaa hapa. Ninaona aibu hata kuyafikiria. Lakini ninayafikiria.

*Saa tano usiku.* Amejibu. SMS ya kawaida, maneno mawili: "Niko hai." Mama amepiga magoti palepale jikoni.

*Saa kumi usiku.* Njia imefunguka kidogo. Nimetuma.

Alhamisi, 27 Juni

Jana Rais alisema hatautia sahihi mswada. Leo watu bado wako barabarani, na wengine wanaomboleza. Sokoni hakuna anayepandisha sauti. Muguka imekwenda jana usiku, pickup mbili tu.

Mhariri ameandika adhuhuri. Amepokea. Watayaweka kwenye toleo la Agosti. Amekata aya yangu ya Google Trends, amesema "hiyo ni ya kwako, siyo ya msomaji". Nimekasirika kwa muda wa chai moja. Anahitaji picha: majani kwa karibu, mikono ikichuma, asubuhi, simu inatosha, nisizitume kwa WhatsApp kwa sababu inazibana zikapoteza ubora. Niweke kwenye Drive, nimpe kiungo.

Kwa hiyo kesho saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijawa kali. Nimemwambia Mama. Ameuliza avae leso gani. Nimemwambia ni mikono peke yake, leso haitaonekana. Amesema hata hivyo, na amekwenda kuitoa ile ya kanisa, anatafuta pasi.

Theluji: saa tatu za kulipwa leo, orodha mpya, modeli mbili hazipo. Nimeziandikia alama nyekundu.

Bursari: alipwe kabla ya Jumatatu. Stima ipo mpaka sasa. Nichaji kila kitu.